Chini ya Ngazi

Mashine yetu ilikaa chini ya ngazi,
duka la dawa la jumla na rejareja, Mtaa wa Narung'ombe,
kati ya ndoo ya deki na katoni za dripu zilizopita muda.
Feni moja nzima, moja ya kukohoa,
na paka asiye na mwenyewe aliyepanda juu yake kila alfajiri
kuota joto la hesabu zetu.

Tulimwita Bibi. Mashine, si paka.

Mwezi wa nne maji yalipanda kutoka mtaroni,
yakasimama vidole viwili chini ya soketi.
Nami nilisimama juu ya stuli, viatu mkononi,
nikipiga hesabu: miaka kumi na tisa ya mauzo,
vidole viwili.

Kesho yake Bi Sikudhani akasema, "Tuhame."
"Twende wapi?"
"Juu."

Akaja kijana wa Mikocheni, shati limenyooka kama risiti mpya.
Akasema wingu. Akasema tena wingu.
Bi Sikudhani akatazama dari, pale linapovuja.
"Mwanangu, wingu mimi nalijua kwa mvua. Hili lako linanyesha nini?"
"Nafasi, mama. Unalipia unachotumia."
"Kama luku?"
"Kama luku."
"Na luku ikiisha usiku wa manane?"
Hapo kijana akaomba maji ya kunywa.

Mimi niliuliza bei. Ikaja kwa dola.
Panadoli tunauza kwa shilingi, bandeji kwa shilingi,
hata matusi ya wateja tunayapokea kwa shilingi,
ila wingu, likiwa hapa hapa juu ya Ilala,
linadai kwa dola.

Ndipo Bi Sikudhani akauliza lile lililoninyima usingizi:
"Daftari langu la madeni litalala nchi gani?"
Maana mle imo zahanati ya Yombo inayolipa kwa mafungu,
yumo mheshimiwa fulani na vidonge anavyomeza kwa siri,
yumo mjane wa Buguruni ambaye hatumdai tena
wala hatujamfuta,
kwa kuwa kumfuta ni kumwambia.

Kijana akasema funguo zitakuwa zetu.
Akasema pia, sauti imeshuka kidogo,
kwamba kuingiza ni bure, kutoa kuna gharama.
"Nimepanga Magomeni miaka saba," Bi Sikudhani akajibu.
"Mwenye nyumba wa namna hiyo namfahamu."

Basi tuligawa.
Bidhaa, bei, tarehe za kuisha muda: zikapanda.
Madeni yakabaki, diski moja ndani ya sefu
na kaunta buku yenye jalada jekundu.
Elineema, fundi wetu, akacheka: mguu ndani, mguu nje!
"Wa mguu nje," nikamwambia, "moto ukiwaka huyo ndiye wa kwanza barabarani."

Jumanne moja mtandao ukakatika.
Waya, walisema, huko baharini.
Foleni ikafika kwa muuza vitenge.
Nikaandika kwa kalamu hadi saa tisa alasiri,
vidole vikakumbuka kazi yao ya zamani,
na jioni nikayapandisha yote, mstari kwa mstari.
Zikapungua katoni mbili za chanjo ya kuku
ambazo hatukuwahi kuziuza.
Nadhani hazikuwapo tangu zama za Bibi,
naye hakutuambia.

Sijui kama tulichagua vyema.
Bili ya mwezi wa tatu ilivimba
kwa kitu alichokiwasha Elineema kwa majaribio, akasahau kukizima.
Kama taa ya chooni, akajitetea.
Taa ya chooni ya dola mia na arobaini.

Bibi tumemzima Ijumaa.
Leo alfajiri nimefungua mlango, paka yupo,
amelaza tumbo juu ya chuma baridi,
ananitazama
kama mteja aliyeambiwa mtandao uko chini.